Konokono Wangu Arobaini

Nianze na Mchungaji Pettigrew, maana hasira zangu zilianzia kwake. Miaka sita kabla ya mambo haya nilimwandikia Profesa Septimus Horncastle, yule bingwa wa viumbe ambaye Uingereza nzima ilikuwa ikimwandikia, nikamweleza jinsi kuku wangu alivyolea vifaranga vya bata na kuwagombeza kila walipokwenda kuogelea. Siku hizo mwanamke hakuaminiwa kwamba ameona kitu kwa macho yake. Barua ilibidi iwe na sahihi ya mwanamume wa heshima, athibitishe kuwa mwandishi ana akili timamu. Mchungaji akatia sahihi. Kitabu kilipotoka, nikafungua, nikakuta: “Habari hii ya kuku nimepewa na Mchungaji Pettigrew.”

Kuku wangu! Mtu ambaye hajui kuku na kanga wanatofautiana wapi! Jumapili ile nilibana midomo, sikuimba hata ubeti mmoja.

Basi gazeti la wenye bustani lilipotangaza kwamba Profesa anaandika kitabu kingine na anauliza watu wote, “Je, konokono akitupwa mbali hurudi kwao?”, nilijiambia: Tryphena, ndiyo hii. Safari hii jina lako litapigwa chapa, Tryphena Gathercole, herufi kwa herufi, hata ikibidi utambae na hao konokono mwenyewe.

Nikaokota konokono arobaini, nikawaandika namba magambani kwa rangi nyekundu. Nikapumzika, maana konokono hatulii kuandikwa. Sasa niwatupe wapi? Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na bustani ya Bwana Jabez Rudkin, fundi saa aliyestaafu, mgane, mpenda kabichi kupita kiasi. Tulipakana miaka kumi na tisa bila kukosana hata siku moja, kwa sababu hatukuwahi kuzungumza jambo lolote zaidi ya mvua.

Na hapa inabidi niseme kitu ambacho kijijini kwetu Little Swaffing hakisemwi. Kila mtu hutupa konokono wake kwa jirani. Kila mtu, hata mke wa hakimu. Unatazama kushoto, unatazama kulia, unarusha, unafuta mkono kwenye aproni, unaingia ndani kunywa chai. Lakini kukiri? Thubutu! Afadhali ukiri umeiba sadaka. Kwa hiyo Bwana Rudkin sikumwambia kitu. Nilirusha wote arobaini kabla ya staftahi, mmoja mmoja, kwa ajili ya elimu.

Baada ya siku mbili walikuwa wamerudi thelathini na mmoja.

Haki ya Mungu, nilikaa chini palepale kwenye matope. Nikawarusha tena, wakarudi thelathini na wanne. Mwezi mzima tulikwenda hivyo. Namba kumi na saba alirudi mara tisa, na mara moja alirudi kabla sijamaliza kikombe changu cha chai. Niliandika yote, siku, saa, hali ya hewa, nikayapeleka posta mwenyewe. Jibu la Profesa likaja kwa mwandiko wake: “Bi Gathercole, nimestaajabu! Konokono wa Uingereza ana moyo wa nyumbani usio na kifani. Wa Ufaransa, naambiwa, hurushwa kwa jirani na hawarudi kamwe. Nakutengea kurasa sita, kwa jina lako. Sahihi ya mchungaji haihitajiki.”

Barua ile niliibusu. Kisha nikaipeleka kanisani, nikamsomea Mchungaji Pettigrew mlangoni, kwa sauti, mara mbili, watu wakipita.

Sasa sikia. Wiki moja kabla kitabu hakijaenda kupigwa chapa, nami bado nawarusha, mvua ilinyesha, nikatoka asubuhi mapema kuliko kawaida yangu ili niwaone wakiwasili. Nilitaka kuona tu wanavyoupanda ule ukuta, maskini, na vijiguu vyao ambavyo hawana. Nikasimama na kikombe mkononi. Kitu kikapita hewani, vuu, kikatumbukia kwenye chai yangu.

Nikakitoa kwa kijiko. Namba kumi na saba.

Wa pili akapita, akatua kwenye kofia yangu. Nyuma ya ukuta nikasikia mtu anahema.

“Bwana Rudkin!”

Ikajibu sauti ya upole kabisa: “Aa, Bi Gathercole. Umeamkaje? Naona mvua imekatika.”

“Unarusha nini?”

“Kurusha? Mimi? Labda ni ndege.” Na wakati huohuo wa tatu alikuwa tayari angani, maana mkono ulishaachia.

Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Mzee wa watu amesimama na kikapu kimejaa konokono, amekuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye upara.

“Bwana Rudkin, hao wana namba!”

“Nimeona wana namba!” akafoka, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akifoka. “Nilidhani ni aina mpya, wanazaliwa nazo! Mwezi mzima na zaidi nakula kabichi zilizotobolewa kama chujio! Kila nikiwatupa, kesho wapo! Nilidhani wananipenda!”

“Ni mimi niliyewarusha.”

“Wewe?” Akaniangalia kana kwamba nimevua nguo. “Bi Gathercole, wewe? Mama mwenye heshima zake?”

“Na wewe je? Mzee wa kanisa mzima!”

Tukatazamana. Tulikuwa tumesema lisilosemwa, tena kwa sauti, tena asubuhi. Nilishuka kwenye ndoo nikaingia ndani. Hakuna konokono hata mmoja aliyerudi kwao. Waliokuwa na bidii ni Bwana Rudkin na mkono wake wa kulia.

Alasiri alibisha hodi, kavaa koti la Jumapili. “Mimi sitamwambia mtu,” akasema huku akizungusha kofia. “Nikisema, itajulikana narusha konokono. Uso nitauweka wapi? Na wewe ukinyamaza, kurasa zako sita ziko palepale. Nani atajua?”

Nani atajua, kweli. Siku tatu nilijisemea maneno hayo. Nilisaga meno, nilichoma mikate miwili, nilimtukana paka ambaye hakuhusika. Nililitaka lile jina. Nilililia, sioni haya kusema. Lakini kila nikifikiria ule ukurasa, namwona Mchungaji na kuku wangu. Yeye alikula sifa ya kitu asichokiona, na mimi nilikuwa naelekea kula sifa ya kitu ambacho hakikutokea. Siku ya nne nikaandika barua, fupi, bila kuumauma maneno: Profesa, ni jirani. Futa kurasa zangu.

Wiki tatu kimya. Mchungaji alipata habari, sijui kwa nani, akaniambia kwa huruma ya mafuta mafuta, “Mambo ya elimu ni magumu, Bi Gathercole. Ungenipitishia mimi kwanza.” Nikashika njia yangu. Nilihofia mkono wangu usije ukamzaba kofi.

Hatimaye Profesa akaandika. Alikuwa amepokea barua mia moja na kumi na mbili kuhusu konokono, karibu zote za wanaorudi. Baada ya yangu, alisimamisha uchapaji, akawaandikia wote swali moja tu: una jirani, na umemuuliza? Tisini hawakujibu tena. Mmoja alijibu kutoka milima ya Uskoti, asiye na jirani maili nane, na wa kwake hawakurudi hata mmoja. Profesa mwenyewe alimwendea jirani yake, jenerali mwenye medali, naye akakiri huku akilia. Kuhusu wale wa Ufaransa hakuwa na la kuuliza, alishaelewa jirani aliwafanya nini: kule konokono ni kitoweo. Sura yote ya tisa imefutwa, akasema, na akanishukuru.

Imefutwa. Nilikunja barua nikaiweka, nikaenda kupalilia vitunguu, na machozi yalinitoka mpaka nikashindwa kuona kitunguu ni kipi na gugu ni lipi. Mwanamke mzima!

Kitabu kilifika mwezi wa Novemba. Sikutaka kukifungua. Nilikifungua kwa ubishi tu, nikapita sura ya nane, nikageuza ukurasa. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe karibu wote.

“Sura ya Tisa. Hapa palikuwa na kurasa arobaini na moja za upuuzi wangu. Aliyenionyesha ni Tryphena Gathercole wa Little Swaffing. Angenyamaza, ningemsifu kwa kurasa sita. Hakunyamaza.”

Nilitoka mbio bila kofia mpaka kwenye ukuta, nikapanda juu ya ndoo, nikamsomea Bwana Rudkin neno kwa neno.

Aliweka koleo chini. “Soma tena pale kwenye jina,” akasema. “Polepole.”