Pingamizi la Seremala

Seremala huyu, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa na kipaji kimoja: kuona dhambi ya mtu kabla mwenyewe hajaitenda. Jamani, macho! Basi Ijumaa, muuguzi mmoja alipoleta jina la mwanawe abatizwe Jumapili, seremala akasimama kikaoni, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mama huyu hasemi na dada yake, mwezi wa pili sasa. Hatuwezi kubatiza mtoto wa nyumba yenye chuki."

Muuguzi akalia. Mtoto alikuwa afanyiwe upasuaji Jumatatu, na mama alitaka aingie huko akiwa amebatizwa. Seremala akatazama dari.

Mchungaji hakubishana. Alimpa karatasi, ndiyo desturi ya kanisa lile: anayepinga ubatizo huandika kwamba yeye ana amani na ndugu zake wote, na mtu anayeshinda naye kila siku huweka sahihi kuthibitisha. "Niletee kesho."

"Kesho? Hata leo!" Akaondoka kifua mbele.

Sasa, anayeshinda naye ni nani? Mdogo wake, tumbo moja, karakana moja, katikati ukuta wa mbao usiofika juu. Miaka sita hawasemezani kwa ajili ya kabati la marehemu mama yao. Akitaka msumeno, hugonga ukuta mara mbili. Akitaka randa, mara tatu. Mdogo mtu hukipitisha kifaa kwa juu, kimya. Nyani haoni kundule! Na bwana huyu alikwisha kuijaza karatasi kwa mwandiko safi.

Akagonga mara mbili. Ukapita msumeno. Akagonga mara tatu. Ikapita randa. Haya, sahihi inagongwa mara ngapi? Ikabidi auzunguke ukuta, jasho likimtoka, afungue kinywa.

"Mdogo wangu, weka sahihi hapa."

Yule akajifuta vumbi la mbao, akasoma polepole mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga.

"Kaka, miaka sita nasubiri uniite. Umekuja kuniita kwa ajili ya hili?" Akamrudishia karatasi vilevile ilivyokuwa.

Unadhani seremala alipiga magoti? Thubutu! Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, akaichana karatasi mbele yake kwa madaha.

"Nimemsamehe yule mama. Mtoto abatizwe."

"Vizuri," akasema mchungaji. "Na mdogo wako?"

"Huyo hajaniomba radhi."

"Basi mtoto atabatizwa. Wewe, mzee wangu, mezani pa Bwana usije mpaka mmepatana."

Seremala akahamaki, mishipa ya shingo ikamsimama. Akataka aambiwe, pale pale, ni mmbeya gani aliyemletea mchungaji maneno, ili kikao kijacho ashughulikiwe.