Dole Gumba Ubavuni mwa Kolibri

Tangu Jumatano mchana Marlène Clet hakuwa na pa kukaa. Akikaa kitini, anainuka. Akiinuka, anatoka barazani kuangalia mvua, anarudi jikoni, anafunua chungu ambacho wala si yeye anayekipika. Mama yake, Bi Firmine, alikuwa anakoroga mchuzi wa Pasaka wa awara, matunda ya michikichi ya kwao, kazi ya siku nzima na zaidi isiyotaka mtu wa kuzungukazunguka karibu na moto. Mwishowe akamwambia binti yake achague moja, aseme kinachomsumbua au atoke jikoni kwake.

Na nikikwambia kilichokuwa kinamsumbua, wewe mwenyewe utashika kichwa.

Marlène alikuwa fundi wa chumba safi pale kituo cha roketi cha Kourou, katika Guyane ya Wafaransa. Kwa miaka sita alikuwa mmoja wa waliokiunganisha Kolibri, chombo kisicho na mtu ndani, kinachokwenda Europa, mwezi wa Mshtarii uliofunikwa na barafu tupu. Chini ya barafu hiyo, wanasema wanaojua, kuna bahari. Kolibri angetua, achimbe, aonje, atuambie kama kuna chochote kinachoishi. Kwa sababu hiyo aliogeshwa kuliko bibi harusi. Waliomshughulikia walivaa nguo nyeupe mpaka kwenye nyusi, na barakoa, na glavu juu ya glavu, na mtu akipiga chafya humo ndani ilikuwa kesi. Kijidudu kimoja cha Kourou kikifika kule, huenda siku moja dunia nzima ikashangilia kuwa umepatikana uhai, kumbe ni mafua ya mtu. Au kibaya zaidi, kijidudu kizaliane na kukiua kilichokuwepo.

Sasa nyumbani kwa kina Clet, mtu akisafiri, Bi Firmine hulamba dole gumba lake akalibandika kwenye paji la uso la msafiri, ili njia imjue ni mtoto wa nani. Alimfanyia hivyo kaka yake Marlène alipokwenda jeshini, akamfanyia Marlène alipokwenda kusoma Toulouse, hata mbwa wao alipohamishiwa Cayenne alibandikwa lake.

Jumatano hiyo, kabla roketi haijavalishwa kofia yake, kile kifuniko cha kukikinga chombo, Marlène alibaki peke yake juu ya jukwaa, anafuta vumbi la mwisho. Miaka sita alimshika Kolibri kila siku, na hakuwahi kumgusa. Hapo roho ikamshinda. Akavua glavu, akashusha barakoa, akalamba dole gumba, akalibandika ubavuni mwa chombo. Halafu akajivalisha upesi upesi, akashuka ngazi. Jamani, mtu na akili zake!

Baada yake akapanda Bertrand Cazenave, mkuu wa kazi. Desturi ya pale ni hiyo, wa mwisho kukiangalia chombo ni mkuu, naye hupanda peke yake. Alishuka macho mekundu, na watu wakajifanya hawajaona. Kofia ikafungwa.

Hayo ndiyo aliyoyasema Marlène pale jikoni, ameegemea mlango. Bi Firmine akaacha kukoroga.

"Ulilamba kwanza?"

"Nililamba, Mama."

"Basi kitafika salama. Unalia nini sasa?"

"Mate yangu yapo juu yake. Yatafika naye."

"Mate yangu nimewapaka nyote humu ndani. Yamemuua nani?"

"Hapa hayajaua mtu. Lakini kule, kama kuna kitu, hakijawahi kukutana na mate ya mtu yeyote."

Mchuzi ukaanza kuungua chini, na Bi Firmine hana habari. Upande wa mama yake walikuwa Wakali'na wa Iracoubo, wenyeji wa nchi ile kabla Wazungu hawajafika, na habari za huko hakupenda kuzigusa.

"Wale waliokuja kuwasalimia bibi zangu walikuwa watu wema," akasema. "Waliwakumbatia, waliwabusu watoto. Haukupita muda kijiji kikakosa wa kuchota maji. Nenda kaseme, mwanangu."

Kusema ni rahisi kwa anayetuma. Marlène alijua akifungua mdomo, kazi imekwisha, na hakuna kituo kingine Guyane nzima cha kumtaka fundi kama yeye. Alijua pia kofia ingefunguliwa upya, na Mshtarii hamsubiri mtu. Roketi ikikosa siku zake chache za kuruka, ni kukaa zaidi ya mwaka, na watu waliozeeka na kazi ile wangemlaani mpaka kaburini. Hata hivyo asubuhi akaenda.

Cazenave hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kama kweli alilamba, halafu akaanza. Akamwambia humo ndani mapenzi ya mtu yanaachwa mlangoni pamoja na viatu. Akamwambia kila mmoja wao alitamani kumgusa Kolibri na kila mmoja alijizuia, isipokuwa yeye. Alipomaliza akagonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole. Alikuwa anagonga hivyo kila akimaliza neno, maana kwao Gascogne, kule Ufaransa, asiyegonga ubao anajiitia balaa, na mafundi walikuwa wanamwigiza kila akigeuka. Akachukua kitambulisho cha Marlène, akaamuru kofia ifunguliwe.

Kazi ya kupima ilikuwa ya Adélia Anato wa maabara, mwanamke wa Maripasoula asiyependa maneno mengi. Ana visahani vyake vyenye uji mgumu ambao vijidudu vinaupenda. Anakibandika kisahani juu ya chuma, anakiweka kwenye joto, na baada ya siku chache kilichokuwa kimegusa chuma kinaota pale pale, kwa umbo lile lile. Alibandika penye dole gumba. Halafu, kwa kuwa hamwamini mtu, akakizunguka chombo kizima.

Siku hizo za kusubiri zilimtesa Marlène. Kazini walimchorea dole gumba kwenye kabati lake, wakampa jina la Mama Mate. Sokoni hakwenda. Pasaka ikafika, mchuzi wa awara ukaliwa, na yeye hakuonja ladha yake. Alizunguka uani mpaka majani yakalala.

Walipoitwa kusikiliza majibu, Adélia aliweka kisahani cha kwanza mezani. Lilikuwa dole gumba halisi, limeota nyeupe na manjano, halina ubishi. Wengine wakacheka. Marlène akatamani ardhi ipasuke immeze. Cazenave akasema hayo ndiyo matokeo ya mtu kujiona yeye anakipenda chombo kuliko wenzake.

"Sijamaliza, bosi," Adélia akasema.

Akaweka cha pili. Kilitoka upande wa pili wa Kolibri, chini ya sahani ya mawasiliano, ambako Marlène hakupanda siku ile. Ndani mlikuwa na madoa mawili yaliyoota sambamba, kila moja kama harage. Adélia akasema hili si dole gumba, na yeye bado hajalielewa.

Cazenave alikuwa ameshainua mkono kugonga meza. Mkono ukabaki hewani.

Marlène akaviangalia vile vifundo, akakiangalia kisahani, akainamisha macho. Chumba kizima kilikuwa kinauangalia ule mkono, mpaka mwenyewe akaushusha, akaufunika kwa mwenziwe.

"Niligonga," akasema. "Nilivua glavu kwanza. Kwa glavu haihesabiki."

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Marlène, uso umemshuka. "Na ningekaa kimya. Nilishaamua kukaa kimya. Usingesema wewe, tungeipelekea bahari ile uchafu wetu sote wawili."

Kolibri akasafishwa pande zote mbili, kofia ikafungwa, na siku za kuruka zilikuwa bado zipo. Marlène alirudishiwa kitambulisho. Cazenave alikiacha cha kwake juu ya meza.

Roketi iliruka asubuhi, mvua imepumzika. Kwenye kilima cha Carapa, katikati ya watu wa mji, Marlène alisimama na mama yake, na Cazenave pembeni yao, maana kule chumba cha kuongozea roketi hakuwa na kiti tena, na kesho yake alikuwa anapanda ndege kurudi kwao. Moto ukawaka, ardhi ikanguruma miguuni, mabati ya nyumba za chini yakalia. Marlène alilia bila kujificha, mikono mifukoni. Cazenave alitafuta ubao wa kugonga, akakosa.

Kolibri alipokuwa nukta tu mawinguni, Bi Firmine akalamba dole gumba lake. Marlène akamshika mkono haraka.

"Mama, kimeshakwenda."

"Nimeona," Bi Firmine akasema, akamgeukia Cazenave. "Wewe, inama. Mimi mfupi."

Cazenave akavua miwani, akainama.