Vidoa Kwenye Koo la Shangazi

Samaki yule alipewa jina langu, na sikupendezwa hata kidogo. Binti wa kaka yangu ndiye aliyemwita hivyo, siku alipoletwa nyumbani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mwenzake. Mwenye duka alikuwa ameapa kwamba wote wawili ni madume. "Hata kama ni dume," mtoto akasema, "tazama mdomo ulivyochongoka, na anavyomfokea mwenzake. Huyu ni Shangazi mtupu." Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinuna siku mbili, na kununa kwenyewe kukawa ushahidi.

Kaka yangu ni fundi saa. Tangu wifi yangu afariki, na binti aende masomoni mbali, nyumba ile imebaki na yeye, saa za watu, na tangi la kioo pale sebuleni. Wiki tatu zilizopita yule mwenzake Shangazi alikutwa amekufa. Mara Shangazi naye akaacha kula. Akajificha nyuma ya jiwe, rangi ikampauka, kidevu kikamvimba.

"Siku kumi na nane hajatia kitu tumboni," kaka aliniambia kwenye simu. "Ni uvimbe, na hauna dawa, nimeuliza kila mtu. Anateseka tu. Alhamisi, saa tisa kamili alasiri, nitamlaza."

Kumlaza maana yake ni mafuta ya karafuu kwenye bakuli la maji. Matone machache, samaki analala. Ukiongeza, haamki.

"Kwa nini saa tisa kamili?"

"Nisipojipangia saa, sitafanya. Ila mtoto anaomba picha moja nzuri ya ukumbusho. Njoo na kamera yako, mdogo wangu."

Nilikwenda Alhamisi mchana. Watu wengi wakitaka kupiga samaki picha husimama pembeni, wakawasha flashi usoni pa kioo, kisha wanalalamika kwamba wamepata picha ya tumbo lao wenyewe. Mimi nilifunga mapazia na kuzima taa ya sebule. Nilisugua kioo mara tatu kwa kitambaa cha pamba. Nilitundika kitambaa cheusi chenye tundu la kutoshea lenzi, ili kioo kisirudishe sura yangu, na lenzi nikaielekeza moja kwa moja, maana ukiinamisha kidogo tu kioo kinene kinakuharibia kila kitu. Kaka aliteremsha kipande cha kioo ndani ya maji, akamsogeza Shangazi taratibu mpaka akakaa mbele, mahali nilipokwisha kupalenga. Pampu ya hewa tukaizima kwa dakika chache, kwa sababu kila povu ni kidoa cheupe kwenye picha.

Flashi ya kwanza niliiweka juu ya tangi. Picha ikatoka nzuri, ila samaki alionekana mgonjwa, na picha ya mgonjwa si ukumbusho. Nikachukua flashi ya pili, nikaificha nyuma ya tangi, ili mwanga umpenye mapezi. Nikabonyeza. Mapezi yaliwaka kama karatasi ya taa.

"Hiyo hiyo," kaka akasema, bila kuangalia. Alikuwa anawasha pampu. Nilimwonea huruma. Nikamwahidi picha kabla ya jioni, nikaondoka.

Studio yangu iko mitaa miwili kutoka kwake. Saa nane na nusu nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, nikisafisha ile picha ya pili. Kila picha ya samaki ina uchafu wake: chembe za chakula, mapovu, vumbi la maji. Kazi yake ni kufuta, kimoja kimoja, na mimi naifanya kazi hiyo huku nikiimba. Nilimaliza maji yote. Nikafika kwenye koo, pale kidevu kilipovimba, ambapo mwanga wa nyuma ulikuwa umepenya ngozi ikawa ya rangi ya chungwa. Palikuwa na vidoa vyeusi.

Nilikasirika. Kioo nimekisugua mara tatu! Nikafuta kimoja, nikafuta cha pili. Nilifuta vidoa kumi na saba, nikiguna, nikimlaumu kaka kwa kioo chake chenye mikwaruzo. Kufikia cha kumi na nane mkono wangu ulisimama wenyewe.

Vilikuwa viwili viwili.

Uchafu hauji kwa jozi. Nikakuza picha. Kila kidoa kilikuwa na duara jembamba la fedha kukizunguka. Nikakuza tena. Yalikuwa macho. Ndani ya koo la Shangazi, jozi kwa jozi, macho ya watoto yalikuwa yananitazama.

Nilisikia kiti kikianguka nyuma yangu, wala sikumbuki kuinuka. Hakuwa dume, na hakuwa na uvimbe. Alikuwa amebeba wanawe mdomoni siku zote zile, kama wafanyavyo baadhi ya samaki, hali chakula asije akawameza, na sisi tulikuwa tumemkatia hukumu. Na mimi, mpiga picha mzima, nilikuwa nimekaa pale nikiwafuta!

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Kaka akiwa na kazi ya mikono huitupa simu kwenye droo, na hilo nalijua tangu zamani. Nikaichomoa kamera kwenye kompyuta, nikatoka mbio na ndala zangu, mlango nikauacha wazi. Nilijipa moyo njiani. Huyu ni mtu ambaye tangu utotoni hajafanya jambo dakika moja kabla ya wakati wake. Akikuambia saa tisa, ni saa tisa. Nilimgonga mama mmoja wa watu bega, sikuomba hata radhi.

Nilifika saa tisa kasoro dakika sita. Harufu ya karafuu ilinipokea mlangoni.

Kaka alikuwa ameketi mezani, bakuli jeupe mbele yake, Shangazi amelala ubavu ndani yake.

"Bado dakika sita!" nilipiga kelele. "Ulisema saa tisa!"

"Niliona nikisubiri nitaghairi," akasema. "Kuna nini?"

Nilimsukumia kamera, picha yenyewe ile, isiyofutwa chochote. Akaitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma. Akavaa lenzi yake ya jicho, ile ya saa, akainama. Nikaona mgongo wake ukiganda.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Alimnyanyua Shangazi kwa mikono miwili, akamrudisha kwenye tangi, akamshika mbele ya mapovu ya pampu, akimsogeza mbele ili maji safi yampite mdomoni. Mdomo ukafunguka. Akatoka mmoja, mdogo kama punje ya mchele, akasimama ndani ya maji kana kwamba anajiuliza yuko wapi. Wakafuata wawili. Kisha wakamiminika. Baadhi walizama chini na hawakutikisika, ila wengi waliogelea. Mimi nililia kwa sauti kama mtoto, na sioni aibu kusema.

Tulimshika Shangazi nusu saa nzima. Mashavu yake hayakusogea. Muda huo wote watoto walimzunguka usoni, wakigonga ule mdomo ulio wazi nusu, wakitaka kurudi ndani.

"Amekufa," nilisema mwishowe. "Kaka, muachie."

Akamtoa kwa mkono wa kulia, akamweka juu ya kitambaa. Mkono wa kushoto ulibaki majini, kiganja kimekunjwa kidogo, jinsi kilivyokuwa kimemshika. Watoto walitawanyika kwa hofu. Halafu mmoja akaona kivuli kile cha kiganja, akaingia. Wakamfuata wenzake, wote, mpaka mkono wa kaka yangu ukajaa.

Hapo simu ikalia ndani ya droo. Niliitoa, nikaitika. Alikuwa binti yake.

"Shangazi, picha imetoka?" akauliza. "Nipe baba."

Nikamnyooshea kaka simu. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye maji ya tangi, naye hakuyafuta.

"Mwambie nitampigia," akasema. "Mkono siwezi kuutoa."