Siku Tatu za Kunyamaza

Ijumaa saa sita mchana, katika mji wa Buffalo, Marekani, maiti ya Hermios ilipasuliwa kuanzia mabegani hadi chini ya kitovu. Kaka yake angeweza kuzuia kwa neno moja kwenye simu. Hakuzuia kwa sababu hakujua kwamba mdogo wake amekufa, na hakujua kwa sababu Bagula alimficha habari.

Bagula, mkimbizi wa Kiafrika, Mshi wa Walungu, alikuwa akimtunza kaka huyo, Mzee Anwel, huko Okolona, kusini mwa Louisville. Alimwogesha, alimpikia, alimpokelea simu, maana sikio moja la mzee lilikuwa limekufa na la pili liko njiani. Walikuwa wamezoeana. Mzee akiona ugali aliuliza kama leo wanajenga ukuta. Bagula alimjibu kwamba mtu asiye na meno hachagui.

Mzee alizaliwa Rongelap, kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Alikuwa na miaka minane, Hermios mitano, asubuhi ile ya mwaka 1954 Wamarekani walipojaribu bomu lao kubwa la nyuklia upande wa kisiwa cha Bikini. Baadaye ukashuka unga mweupe. Watoto wakauchezea, wakajipaka usoni. Kisha ngozi ikaungua, nywele zikatoka kwa mafungu. Tangu hapo madaktari walikuja mwaka hadi mwaka, wakawapa namba, wakawatoa damu, wakaondoka nayo. Ndugu hao wawili wakaapa kwamba watazikwa bila kupasuliwa.

"Wamenichukua vya kutosha nikiwa hai," mzee alikuwa akisema. "Nikifa, asinifungue mtu."

Bagula alimsikia mara mia. Alidhani anazungumzia mwili wake tu, si wa Hermios.

Jumatano asubuhi ilipiga simu ofisi ya Buffalo inayochunguza vifo. Hermios, aliyeishi peke yake, amekutwa amekufa kitandani. Watampasua wajue kilichomuua, isipokuwa ndugu akatae kwa ajili ya imani yake kabla ya Ijumaa saa sita. Bagula alielewa kila neno. Akasema mzee amelala, atapiga mwenyewe.

Mzee hakuwa amelala. Alikuwa mezani, akitafuta miwani aliyoivaa kichwani.

Kwa akina Bagula, mgonjwa wa moyo, kama Mzee Anwel, hapewi habari ya msiba akiwa peke yake. Anangojewa ale, watu wajae nyumbani, kisha mmoja anamshika mkono ndipo amwambie. Mama yake Bagula aliambiwa msiba ovyo ovyo katika kambi ya wakimbizi, akaanguka, hakuinuka tena. Kwa hiyo Bagula akampigia Murhula, shemasi wa kanisa lao aliyehamia Whitehall, pembeni ya Columbus. Murhula akaahidi kuleta watu sita, ila wote walikuwa zamu ghalani hadi Ijumaa usiku.

"Bon, Jumamosi basi," alisema. "Usifungue mdomo, kaka. Utatuulia mzee."

"Na ile ofisi?"

"Ofisi za hapa? Tarehe ikipita, wanatuma barua nyingine."

Ndivyo ilivyokuwa kwa bili za umeme na maji. Bagula akanyamaza. Alhamisi, siku ambayo ndugu hao walizoea kupigiana, alimwambia mzee mtandao umekatika.

Jumamosi watu walifika na sufuria zao. Mzee alikula, akafurahia ugeni ambao hakujua sababu yake. Kisha Murhula akamshika mkono, akamwambia.

Mzee hakuanguka. Aliuliza lini, akaomba apigiwe ofisi ya Buffalo, akaibana simu kwenye sikio lake la pili. Akasikiliza muda mrefu, akaiweka mezani.

"Wamemfungua," alisema, akimtazama Bagula peke yake. "Ulijua tangu Jumatano."

"Nilitaka uwe na watu, Mzee."

"Nilikuwa na mtu. Wewe."

Watu wa Columbus walikaa na chakula kikapoa.

Hermios alizikwa wiki iliyofuata akiwa na mshono mrefu kifuani. Kipande cha shingo, kipande cha ini na kipande cha mfupa vilibaki Buffalo ndani ya chupa tatu, kila moja na namba yake. Kiapo kilikuwa kimeshikwa zaidi ya miaka sitini. Bagula alikuwa amemtunza mzee miaka minne. Jumatatu mzee aliomba aletewe mtu mwingine wa kumtunza. Simu ya kuzuia hayo yote ingechukua dakika mbili.