Suke la Arobaini na Moja

Fyekeo lilipita kwenye mistari ya mpunga ya pembeni, masuke meupe yakaruka kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa.

"Kaka, usikate!" Mtafiti alikuja mbio juu ya tuta, ndara moja mguuni, nyingine imezama topeni.

"Nisikate? Funza wako wamenimalizia shamba, Mama Funza we!"

Huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na hakusema uongo. Ukitaka mpunga usioliwa na funza wa mashina, huna budi kuwaalika funza. Ndiyo maana mtafiti alipanda pembeni mwa shamba lake la majaribio mpunga laini wanaoupenda, hakupuliza dawa, akangoja. Wakatoboa mashina, masuke yakatoka meupe, matupu. Lakini mdudu hajui mpaka, na shamba la kaka lilikuwa ng'ambo ya tuta tu. Hilo hakulifikiria, yeye na kusoma kwake kote.

Misimu sita ya kuchavusha ua moja moja kwa kibano ilikuwa imemwachia shina moja lisiloguswa, namba arobaini na moja, suke lake limeinama kwa uzito. Mbegu nyingine kama hiyo hakuwa nayo.

"Nimekosa, kaka. Kata yote. Lile la katikati tu niachie."

"Lipi? Hili?"

Laiti angenyamaza. Kaka aliliendea, mtafiti akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio mpaka akaonja chumvi. Kaka akambwaga matopeni. Fyekeo likamchana mkono toka kiwiko hadi kifundo. Akatambaa hivyo hivyo, akalikamata suke, akapukusa punje na kuzijaza mdomoni. Hapo hapo fyekeo likashuka, shina likaenda.

"Haya, niombe radhi!"

Mtafiti akakaza midomo.

"Leo bubu? Jana si ulikuwa unatufundisha?"

Ngumi ya kwanza ikampata shavuni. Ya pili ikavunja kitu. Alimeza damu kidogo kidogo, ulimi umeziba koo kama chujio. Neno moja lingetosha. Kaka yake hakuwa mtu wa kinyongo. Hakufungua mdomo.

Ngumi ya tatu ilibaki hewani.

"Una nini mdomoni?"

Mtafiti akakinga kiganja, akatema. Damu, jino, na punje za mpunga, nene, zote zimejaa.

Kaka alikaa chini topeni, sikio likimdondoshea damu begani. Alichukua punje moja, akaibonyeza kwa ukucha.

"Hizi hawali?"

"Hawali."

Kaka akalichukua jino, akalitupa mtaroni. Kisha akavua shati, akararua mkono mmoja na kumfunga jeraha, akazivingirisha punje katika lililobaki, polepole, kama anayembeba kifaranga.

"Msimu ujao zikiliwa," alisema bila kumtazama, "nakuja tena."

"Njoo," alijibu mtafiti, upepo ukipita kwenye pengo jipya.