Nyuzi Kifuani mwa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa amemwahidi mkuu wake wa kazi: shingo isipopata nafuu kufikia Ijumaa, angerudisha ufunguo wa pikipiki na kwenda kukaa stoo. Angepanga maboksi ya dawa badala ya kuyapeleka zahanati. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepita ile barabara ndefu isiyo na miti, upepo ukimsukuma kifuani, naye akijikaza kuusukuma. Jioni alikuwa hawezi hata kugeuza kichwa kuitikia shikamoo yangu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea fizikia, kazi sijapata. Nikamwambia nitamwekea pikipiki kioo kidogo cha mbele cha kukinga upepo. Nikakileta.

"Hiki? Mwanangu, hiki si hata sinia la chai! Upepo utakipita ukicheka."

"Tujaribu tu, Shangazi."

Tulikwenda kwa fundi ambaye mtaa mzima humwita Bisibisi kwa wembamba wake. Shangazi akakaa kwenye pikipiki, tukampima, tukakifunga kioo. Kisha nikambandika vipande vya uzi wa kufumia, kuanzia tumboni hadi kwenye helmeti.

"Uzi ukilala, hapo upepo unapiga," nilimweleza. "Ukining'inia, hapo pametulia."

"Haya, leo nimekuwa pazia."

Alhamisi asubuhi alitangulia, mimi na Bisibisi tukamfikia na kwenda naye sambamba kwa pikipiki nyingine. Nyuzi za kifuani zilining'inia kwa utulivu. Nilipiga kelele za furaha hadi Bisibisi akayumba. Ndipo nikaziona za kwenye helmeti: zilikuwa zinarukaruka kama zimepandwa na mashetani.

Shangazi akasimama kando ya barabara. "Kifua kinashukuru," alisema, "lakini kichwa kinazabwa makofi."

Nilinyong'onyea. Kumbe upepo sikuuondoa, niliuhamisha tu. Na kesho ndiyo Ijumaa.

Bisibisi alikuwa anamtazama Shangazi kwa makini. "Mama, jana kwangu ulikaa hivi ulivyokaa sasa?"

"Nilikaa vizuri."

"Ulikaa kama unapigwa picha ya harusi!"

Ni kweli. Gereji alikuwa amenyoosha mgongo, ametengeneza kola, ameinua kidevu. Barabarani huinama, kwa hiyo kichwa kilikuwa kimeshuka hadi palepale upepo unaporuka ukingo wa kioo.

"Basi kaa kama siku zote," nikamwomba. "Usituonee haya."

"Na msinicheke!" Akajikunja, mabega juu, kama mtu aliyechoka na safari. Tulicheka, naye akacheka. Bisibisi akakishusha kioo vidole viwili na kukilaza nyuma kidogo.

Ijumaa alizunguka zahanati zote. Mimi nilimsubiri kwenye geti la bohari ya dawa, kazini kwake, moyo ukinidunda kuliko siku ya mtihani. Mkuu wake naye alitoka.

Shangazi akafika, akavua helmeti. Uzi mmoja ulikuwa bado umemng'ang'ania kolani.

"Mabegani upepo bado upo, mwanangu, usije ukajisifu sana," aliniambia. "Ila kifuani kimya, na kichwa kimetulia."

"Na ufunguo?" mkuu akauliza.

Shangazi akageuza shingo taratibu hadi kwake, kisha hadi kwangu, kisha tena kwake, kwa maringo.

"Huko stoo mtafutieni mtu anayependa kukaa."