Jina la Ukoo Mbele ya Kamera

Watu wa Vosloorus, mtaani kwetu, hawanipendi, na si kosa langu. Katika tamthilia yetu mimi ndiye MaDlomo, mama aliyemficha mwanawe jina la baba yake mpaka kijana akaota ndevu. Nikienda dukani kununua unga wa mahindi, wanawake wananikata jicho. Mmoja alinigonga nyonga kwa kitoroli chake, akasema, "Mama wewe, una roho mbaya!" Nikamwambia, "Dada, mimi naitwa Nosakhele Mabandla, sijawahi kuzaa mtoto wa kiume, nipishe." Hakunipisha.

Tamthilia yenyewe inaitwa Kizingiti, na ni ya kuelimisha jamii. Msimu wa kwanza ulihusu waume wanaopiga, wa pili vijana na dawa za kulevya, na huu wa tatu watoto wanaolelewa bila baba. Kila kipindi kikiisha inatokea namba ya simu ya kuomba msaada. Sikatai, wako waliosaidika. Kinachonikera ni jinsi walivyotuchagua. Zamani ulipewa maneno, ukalia, ukacheka, ukapata kazi au ukarudi kwenu. Siku hizi wanakuuliza umepitia nini. Reneilwe Mokoto, mwongozaji wetu, msichana mwenye akili nyingi na sauti ya upole, aliniuliza siku ya usaili, "Mama, jeraha la maisha yako ni lipi?"

"Mgongo," nikamjibu.

Hakucheka.

Phumezo Sigwili alipoulizwa swali hilo alisema ukweli wake: simjui baba yangu. Kazi ikawa yake palepale, na magazeti yakaambiwa kwamba kijana huyu haigizi, anaishi. Wakambandika ukutani mjini, uso mkubwa kama nyumba, na chini yake maandishi ya huo uyatima wake wa kutomjua baba. Mwenyewe alikuwa mpole, mrefu, mwenye haya. Aliniletea chai bila kuagizwa na aliniita Mama hata kamera zikizimwa. Nilimpenda kama mwanangu, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Sigwili ni jina la upande wa mama yake. Alipokwenda jandoni alipelekwa na mjomba wake, kwa jina la ukoo wa mama, kama kawaida ya mtoto ambaye watu wa baba hawakuja kutoa faini ya mimba. Alipotoka huko akiwa mwanamume kamili, ndipo mama yake, Nobantu, alipomwambia kwa mara ya kwanza: baba yako ni Zwelibanzi, mtu wa ukoo wa Tolo, kule Tsolo. Hakuongeza neno. Phumezo akalibeba jina hilo miaka yote, hana pa kulitumia.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mwigizaji wa zamani kwetu analijua. Ukiigiza tambiko kwenye zizi la ng'ombe, ambako kwetu ndiko wahenga huitwa, huwaiti wahenga wa kweli. Mwandishi anabuni majina ya ukoo usiokuwepo, unayaita hayo, unamwaga pombe, mnakwenda kula. Majina ya ukoo si maneno ya kupamba. Ukiita watu, wataitika.

Siku ya kupiga picha ya zizini majina ya kubuni yalikuwepo kwenye karatasi. Phumezo aliyasema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Reneilwe akatikisa kichwa.

"Hayanigusi, Phumezo. Yanakukwama. Tumia ya kwako."

"Hapo hapana, mwanangu," nikamwambia Reneilwe. Nilikuwa nimesimama pembeni na shali ya MaDlomo mabegani.

"Mama Nosakhele, ni maigizo tu."

"Kama ni maigizo tu, majina ya maigizo yanatosha."

Mpiga picha akacheka. Reneilwe akanishika mkono kwa heshima, kama unavyomshika bibi anayevuka barabara. "Ukweli ndio unaoponya watu, Mama," akasema. Nikarudi mahali pangu nikiwa nimefura.

Phumezo alisimama peku kwenye mlango wa zizi. Angeweza kutaja ukoo wa mama yake, ambako ndiko alikotahiriwa. Hakuutaja. Alivuta pumzi, akapaza sauti kwa majina ya sifa ya ukoo wa baba yake: "Tolo! Dlangamandla! Mchenge! Ni mimi, mwana wa Zwelibanzi. Nimesimama mlangoni, sijui niingilie wapi." Kisha akalia. Alilia hadi binti wa vinasa sauti naye akapangusa macho, na Reneilwe akamkumbatia mbele ya watu wote.

Mimi nilimvuta nyuma ya gari la mavazi. "Umemwita nani wewe?"

"Baba yangu, Mama."

"Na akiitika?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Si ndicho ninachokitaka?"

Kipindi kilirushwa Alhamisi. Jumatatu wazee watatu walikuwa wamesimama kwenye lango la studio, makoti yamefungwa vifungo kwenye jua lile, kofia mkononi, fimbo zimelazwa chini. Hawakuuliza kitu, hawakuketi. Mlinzi alidhani wamekuja kutafuta nafasi za kuigiza wazee, akawaambia usaili ni mwezi ujao. Mimi nilipowaona tu nilijua kwamba ni watu walioitwa. Watu hawasimami hivyo kwa ajili ya kibarua. Nikawaingiza kwenye chumba cha kulia chakula, nikamtuma mtu amwite Phumezo.

Msemaji wao alikuwa Mzee Gcobani, mtu mwembamba mwenye macho ya kuchoka. Alinitazama kwa masikitiko. "MaDlomo. Kwa hiyo wewe ndiwe uliyemficha mtoto."

"Tata," nikasema, kwa neno tunalowaitia baba na wazee, "mimi si MaDlomo. Kwa ukoo mimi ni MaRadebe, na huyu sikumzaa."

"Tumekuona kwa macho yetu ukimficha."

"Nalipwa nimfiche, Tata."

Mzee mmojawapo akacheka mpaka akapaliwa, na Gcobani mwenyewe akalegea kidogo. Phumezo alipoingia hakuna aliyecheka tena. Wale wazee walimtazama paji la uso, masikio, mikono, polepole, wala hawakumwonea haya.

"Kijana," Gcobani akasema, "jina letu limeitwa zizini na mtu tusiyemjua. Ndugu yangu Zwelibanzi ni mgonjwa. Kifua alichotoka nacho migodini kinammaliza. Alikusikia kwenye televisheni. Kisha akatuambia, nendeni mkamuulize mama yake ni nani."

"Nobantu Sigwili," Phumezo akasema. Sauti yake yote aliyofundishwa ilikuwa imempotea. "Alikuwa anafanya usafi kwenye kliniki ya Tsolo."

Wazee wakaangaliana. Gcobani akavuta pumzi ndefu. "Nobantu tunamjua. Basi hukubisha hodi nyumba isiyo yako."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwona Reneilwe mlangoni na yule mpiga picha, kamera begani, taa yake nyekundu inawaka.

"Huyo analenga nini?" Gcobani akauliza.

"Ni kumbukumbu tu, Tata," Reneilwe akasema, akipiga goti kwa adabu. "Kuna watoto wengi kama Phumezo nchi nzima. Wakiona jambo hili…"

"Binti, nchi nzima haikualikwa."

Kamera ikashushwa. Gcobani akamgeukia Phumezo, akazungumza taratibu ili kila neno lifike. Mtoto hajileti mwenyewe kama mbuzi aliyepotea, akamwambia. Mjomba wake amlete Tsolo, pande mbili ziketi, yazungumzwe yaliyopaswa kuzungumzwa wakati Nobantu ana mimba yake. Baada ya hapo ataingia zizini kwa mlango, na Zwelibanzi mwenyewe atamtaja mbele ya wahenga.

"Njooni Jumamosi hii," akasema. "Msikawie. Ndugu yangu anaamka kila siku kwa kujilazimisha."

Mjomba akakubali kwa simu siku hiyo hiyo, akaanza kupiga pasi koti. Phumezo alikuwa kama mtu aliyevuliwa mzigo kichwani. Aliniuliza mambo ya ajabu: avae nini, amwite Tata au baba, akipewa nyama ashike kwa mkono gani. Nikamwambia mikono miwili, mjinga wewe, hukulelewa? Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, na nilifurahi sana.

Halafu mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, ikaharibu ratiba. Picha kubwa ya msimu, ile ambayo kijana anapokewa na baba yake, ikasogezwa Jumamosi. Phumezo akaenda kuomba ruhusa. Nilikwenda naye, maana namjua, angekubali jambo lolote kwa kuona haya.

"Wiki moja tu, Phumezo," Reneilwe akasema. "Halafu nenda, hata kwa mwezi. Fikiria utakavyoicheza ukiwa na njaa hii uliyonayo. Ukienda kukubaliwa kwanza, utarudi umeshiba."

Hasira ilinipanda. "Yaani unamlaza mtoto wa watu na njaa ili alie vizuri?"

"Mama, hujui unachosema."

"Najua. Nimeanza kazi hii wewe hujazaliwa. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, lakini huyu hakatai, unamkatalia wewe!"

Hapo akaniangusha. Machozi yalimjaa, akasema kwamba yeye pia hana baba, kwamba aliyemzaa anaishi Mahikeng na watoto wengine na humpita barabarani kama mti. Tamthilia nzima aliibuni kwa ajili hiyo. Alitaka mtoto mmoja, hata wa kwenye televisheni, afunguliwe mlango, na nchi ione. Nilimwonea huruma. Lakini hasira yangu haikupungua, maana huruma yake haikumfikia yule aliyesimama mbele yake.

Nje nilimwambia Phumezo, "Ondoka. Wakikufukuza, wakufukuze."

"Mama, hii kazi ndiyo inayomlisha mama yangu."

"Na yule mgonjwa?"

"Amenisubiri miaka yote hii, Mama. Wiki moja." Akapiga simu Tsolo. Mzee Gcobani alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Haya, mwanangu." Phumezo alilishika hilo neno "mwanangu", akanirudishia mara mbili. Mimi nilisikia lile "haya".

Jumamosi tukapiga picha. Siwezi kusema uongo: Reneilwe alikuwa sahihi, na mpaka leo hilo linanichoma. Mwigizaji wetu wa baba, mtu wa Durban mwenye tumbo kubwa, alimfungulia mikono akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu," na Phumezo akaanguka kifuani pake akatetemeka kama mtoto mwenye homa. Mimi, kwa mujibu wa karatasi, nilipiga vigelegele. Watu walishangilia, ikaletwa keki. Picha hiyo inaoneshwa mpaka leo, wanaiweka kwenye matangazo.

Jumanne Gcobani akapiga simu. Zwelibanzi alikuwa ametutoka. Jumamosi ile, akasema, alikataa kubaki kitandani ingawa walimwambia kijana haji. Aliomba avikwe koti, akakalishwa nje akiangalia barabara mpaka jua likazama. Gcobani hakulaumu. Alieleza tu, kama anavyoeleza mtu habari za msiba.

Nilisafiri na Phumezo kwenda mazikoni. Nobantu hakutaka kuja. "Niende kama nani?" aliuliza. Mjomba alikuja na koti lake lililopigwa pasi.

Gcobani alitupokea kwenye uzio wa nyumba. Alimshika Phumezo mikono yote miwili. "Mwanangu, kama ingekuwa amri yangu peke yangu, ungeingia leo. Lakini aliyepaswa kukutaja yumo kwenye jeneza, na mjane amekalia godoro la msiba, siwezi kumpelekea shauri la mimba ya zamani juu ya maiti ya mumewe. Acha nguo nyeusi za mjane zivuliwe, mwaka uishe, tutazungumza. Leo siwezi kukuketisha na watoto."

"Nitakaa popote, Tata," Phumezo akasema.

Kumbe popote palikuwa pameshaandaliwa. Habari kwamba yule wa televisheni amefika ilikuwa imezunguka kijiji kizima. Tukapelekwa mstari wa mbele, kando ya chifu na diwani, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe na maji ya chupa. Wasichana walimwomba picha na jeneza halijatoka ndani. Mimi bibi mmoja alinifinya mkono akaninong'oneza, "Afadhali umemwacha aje, MaDlomo."

Makaburini mshereheshaji alishika kipaza sauti. Alimshukuru chifu, akamshukuru diwani, kisha akasema familia ya Tolo imepata heshima kubwa, kwamba nyota wetu, Phumezo Sigwili, ameacha shughuli zake zote Johannesburg kuja kuzika mtu asiyemjua. "Simama, kaka, watu wakuone!" Phumezo akasimama. Wakapiga makofi na vigelegele, kaburi likiwa wazi mbele yao. Akainamisha kichwa, akaketi.

Jeneza likashushwa. Mchungaji akasema, "Watoto wa marehemu wasogee na udongo wao."

Wakatoka watatu, mabinti wawili na mvulana, na huyo mvulana alikuwa na paji la uso la Phumezo. Phumezo akainama pale pale kitini, akachota udongo wa chini ya miguu yake, akainuka. Alikuwa amepiga hatua moja tu msichana wa kupokea wageni alipomwekea mkono begani, kwa upole kabisa, akitabasamu.

"Keti kwanza, kaka. Wageni mtatupa mwishoni."

Phumezo akanigeukia mimi, mama yake wa televisheni, kana kwamba nina neno la kumsaidia. Akaketi, na udongo bado uko mkononi.